Mkono wa Kushoto wa Bi Kheiria

Mie nna hasira, sikatai. Nimesomesha skuli miaka ishirini na sita, na mpaka leo wanafunzi wangu wa zamani wakinikuta dukani wananyooka kama wamo darasani. Kwa hivyo mama yangu alipoanza kuufunga mdomo kila nikimpelekea kijiko cha uji, nilihamaki kabla sijahuzunika. Nasema kweli, sina haja ya kujipamba.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na mbili, nyumbani kwetu Khuwair ya Kusini, hapa Maskati tulikohamia kutoka Unguja. Mama, Bi Kheiria, alikuwa na miaka sabiini na nane hivi. Watu wa enzi zake hawakuandikiwa tarehe. Siku ya pili baada ya harusi ya binti yangu Taghreed, asubuhi, wageni hawajamaliza hata kufunga mizigo, Mama akaanguka. Kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia, na ulimi nao. Hospitali alilala siku kumi na nane. Tukamrejesha nyumbani hana neno hata moja, lakini akili yake nzima, na macho yake yale yale ya kukukata. Nesi mmoja wa Kifilipino ndiye aliyetuonesha njia: mpe mkono wako aushike kwa mkono wake wa kushoto, muulize jambo la ndiyo au siyo. Akibana, ndiyo. Akiulegeza, siyo.

Basi kwa watu wote Mama akawa mtu wa kuzungumzika. Ndugu yangu Muslim anavuka milima kutoka Al Amerat kila Ijumaa, anamuuliza kama kalala vyema, Mama anabana. Anamuuliza kama ataka dirisha lifunguliwe, anabana. Mboni, mwanamke wa kutoka Same, Tanzania bara, aliyekuwa akitufanyia kazi za nyumba mwaka wa nne ule, akimlisha bakuli zima bila ya kumwaga tone. Nikikaa mie, kiti kile kile, uji ule ule, Mama anafunga mdomo na kugeuza uso ukutani.

Siku ya kwanza nikasema kachoka. Siku ya tatu nikasema Mboni anamtilia asali kwa siri. Nikauonja uji wake, hamna asali. Wiki ya pili nikamshika mkono nikamuuliza, “Mama, umenikasirikia?” Akanibana mpaka pete ikaniuma. Nikamuuliza kwa nini. Mkono ukalegea, maana mkono utajibu vipi swali kama hilo?

Nikenda jikoni nikalia. Mtu wa miaka hamsini na nne, nimeolewa, nimefiwa na mume, nimeozesha, nimesimama mbele ya friji nalia kama mtoto aliyenyimwa kitu. Msinicheke. Sisi tumelelewa tukijua kwamba mtu akikosa radhi ya mzee wake hana pa kwenda, si huku si akhera. Na daktari alishatwambia kiharusi cha pili chaweza kuja wakati wowote. Niliogopa, tena niliogopa khasa, kwamba Mama atakufa na uso wake umegeuka ukutani.

Mwanangu Aws anasomesha historia ya kale chuo kikuu, anakaa Al Khoudh. Ijumaa ile alikuja kula, nikamweleza. Nilitaraji anipe pole. Yeye akaweka mkono wake kwenye sahani na kuanza kunisomesha, maana ndivyo alivyo toka mdogo, ukimuuliza saa atakwambia nani aliyeibuni.

Kulikuwa na watu wakiitwa Wahiti, akasema, zaidi ya miaka elfu tatu nyuma, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Balaa likiwafika, maradhi yakiua watu au mfalme akiumwa, walijua mmoja katika miungu yao kakasirika, lakini kwa lipi, hawajui. Na mungu wao hasemi. Ajibu ndiyo au siyo tu, kwa ini la kondoo, au kwa namna ndege walivyoruka, au kwa nyoka aliyetiwa majini wakatazama aogelea upande gani. Basi kazi yote ilikuwa ya muulizaji. Lazima akae ayafikirie makosa mwenyewe, moja moja. Umekasirika kwa kuwa sherehe yako imecheleweshwa? Siyo. Kwa kuwa mbwa aliingia hekaluni akaangusha mikate ya sadaka? Ndiyo. Kuna jengine juu ya hilo? Ndiyo. Wanaendelea hivyo mpaka wajibiwe kuwa hakuna tena, kisha wanalipa kila walilokosa. Na yote waliyaandika kwenye vibao vya udongo, na vibao vipo, watu kama yeye wanavisoma.

Nikamwambia astaghfirullah, mie nakueleza khabari ya bibi yako, weye waniletea khabari za makafiri na nyoka. Aws akacheka, akasema nyoka tumwache. “Bibi anakusikia na anakujibu. Ila usimuulize kwa nini. Wewe taja kosa, yeye akubali au akatae.”

Nikamwambia amalize chakula chake. Lakini Jumamosi nikenda dukani nikanunua daftari.

Ee bwana, kukaa kuandika makosa yako mwenyewe si mchezo. Kwanza niliona sina. Mie ndiye niliyekaa na Mama, Muslim kajenga kwake huko akahama. Mie ndiye nimpelekaye hospitali, nimpikiae, nimfuliae. Ala, apikaye na kufua ni Mboni, lakini nilikuwa nasimamia. Nikaandika makosa matatu nikapumzika. Usiku wake nikakumbuka manane. Kufika Jumatatu yalikuwa ishirini na moja, nikaona aibu hata kuliacha daftari mezani.

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Mboni akishamkosha Mama uso na kumgeuza ubavu, nikaingia, nikafunga mlango, nikampa mkono wangu.

Nilianza na kubwa. Siku walipokuja kumposa Taghreed, wakwe walikuwa Waarabu wa ndani, mbali na pwani, hawajui neno moja la Kiswahili. Nilimwambia Mama akae chumbani kwake ajipumzishe. Hakuwa amechoka. Niliona haya na Kiarabu chake cha kuchovyachovya, niliogopa watatutazama vibaya. Nilikuwa na yakini ndilo hilo. Nikamwambia hivyo hivyo, bila ya kulipunguza, huku jasho lanitoka. Mkono ukalegea. Nikamuuliza tena, maana Aws alisema Wahiti walirudia swali ili wahakikishe. Siyo. Na upande ule mzima wa mdomo wake nikauona unacheka.

Khitma ya baba, niliyoichelewesha mwaka ule mpaka Mfungo Tano kwa shughuli za harusi? Siyo. Kuwa tulihama Ruwi bila ya kumuuliza shauri? Siyo. Kuwa nikimkata maneno yake mbele ya watu, nikamsahihisha majina na miaka kama mwanafunzi? Hapo mkono ulikaa kidogo, kisha ukalegea. Mbuzi ya nazi, aliyokuja nayo kutoka Unguja, niliyoitupa kwa kuwa siku hizi tui linauzwa kwenye kopo? Akanibana.

Alaa! Nikaruka kwenye kiti kwa furaha, mtu angenishangaa. Siku mbili nilizunguka kutafuta mbuzi, nikaipata kwa bibi mmoja wa Kizanzibari kule Seeb, nikaileta, nikaketi juu yake mbele ya Mama nikakuna nazi mpaka vidole vikachubuka. Tui nililikamua mwenyewe, uji nikaupika mwenyewe. Kisha nikamuuliza kama kuna jengine. Akabana. Nikampelekea kijiko, akageuza uso.

Nikaendelea. Kitanda chake tulikigeuza, akawa haoni tena lango na nani aingiaye. Akabana, tukakirejesha. Kuna jengine? Ndiyo. Kanga zake za zamani niliwagawia watu bila ya ruhusa. Akabana, nikazitafuta, nikazipata mbili. Kuna jengine? Ndiyo. Na kijiko, hapana. Wiki ya tatu daftari lilikuwa na makosa hamsini na tatu, na mie nimekonda kuliko mgonjwa.

Muslim akaja akanigombeza. Dada, unamchosha Mama bure, Mama hana kinyongo na mtu, hayo ni mawazo yako. Aliyasema haya ameshika bakuli tupu mkononi, katoka kumlisha sasa hivi. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyarejea hapa, na hayo nayo nikayaandika daftarini.

Nikampigia simu Aws, nikamwambia Wahiti wako wameniangusha. Akaniuliza kama nimetaja makosa tu. Nikamwambia nitaje nini tena, mawaridi? Akasema wao wakikwama walikuwa wanaacha kutaja makosa, wanauliza mahali kwanza. Ni hekalu gani, mji gani, nyumba ya nani. Wanakuja wakizungusha duara mpaka linakuwa dogo.

Siku ya pili yake nikakaa bila ya daftari. Nikamuuliza Mama kama ni jambo la Unguja. Siyo. La Maskati? Akabana. La zamani? Siyo. La mwaka huu? Akabana. La nyumba hii? Akabana kwa nguvu, na macho yake yakanikazania, nikajua nimekaribia. Basi nikauliza lile ambalo nililiona halina haja hata ya kuulizwa, nalipitia tu njiani.

“Ni jambo nililokufanyia wewe?”

Mkono ukalegea.

Nikadhani kachoka. Nikarudia. Siyo. Makosa hamsini na tatu nimeyaandika, yote niliyomkosea yeye, na kumbe hayo yote ni ya njiani. “Nimemkosea mwengine?” Akanibana na hakuacha.

Nikaanza kutaja. Muslim? Siyo. Taghreed, kwa namna nilivyomharakisha kuolewa? Siyo. Aws? Siyo. Marehemu baba? Marehemu mume wangu? Wakwe? Binamu zangu wa Nizwa, ambao sikuwaalika? Nikamtaja jirani, nikamtaja mkwe wa jirani, nikawataja watu ambao hata sura zao nimezisahau. Siyo, siyo, siyo. Nikafika hata kumtaja paka tuliyemfukuza, nimeshikwa na ghadhabu na nataka kulia.

Hapo mlango ukagongwa, Mboni akaingia na sinia la uji, maana saa kumi na moja ilishafika. Bila ya kugeuka nikamwambia asubiri nje kwanza, nazungumza na mama yangu. Mboni akasema sawa mama, akarudi nyuma.

Na Mama akanibana. Sikumuuliza kitu, wallahi, sikufungua mdomo. Alinibana vidole mpaka vikawa vyeupe, na yale macho hayakuwa kwangu, yalikuwa mlangoni.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, “Mboni?” Akazidi kubana.

Sasa nieleze nililolifanya, maana nililikumbuka pale pale, nalo halikuwamo katika daftari kwa sababu sikulihesabu kuwa ni kosa. Wiki tatu kabla ya harusi Mboni alinijia akaniambia mama yake mzazi ni mgonjwa, kapigiwa simu kutoka kwao, anaomba ruhusa. Nilimwambia harusi hii, nyumba ina wageni, nani atapika na kupiga pasi? Subiri harusi ipite utakwenda. Paspoti yake ilikuwa kabatini kwangu, kama za wafanyakazi wa nyumba nyengine zote zinavyowekwa na mabibi wao. Alisema sawa mama. Hakuniuliza tena. Kisha Mama akaugua, na mie sikukumbuka tena.

Nikatoka. Mboni alikuwa kasimama kwenye baraza ya ndani na sinia lake. Nikamwambia aliweke chini, nikamuuliza mama yake anaendeleaje.

Akanitazama. Si kwa ubaya, alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali palipokwisha bomolewa.

“Alishafariki, mama. Siku tisa kabla ya harusi.”

“Mbona hukunambia?”

“Ningesema ili iwe nini? Simu ilikuja akiwa ameshazikwa. Siku ile nilikuwa napiga pasi nguo za Taghreed. Nilimwambia bibi peke yake, kwa sababu alinikuta nalia. Bibi akaniambia ningoje wageni waondoke, atakuambia yeye mwenyewe.”

Wageni walikuwa wanafunga mizigo. Mama alikuwa akisubiri gari ya mwisho iondoke langoni, ili asitie doa harusi ya mjukuu wake, kisha aniite chumbani anipe yangu. Akaanguka na maneno yake kinywani. Siku zote zile akimtazama Mboni anaingia na kutoka na msiba wake, ananitazama na mie sina khabari, na hawezi kusema.

Na Mama, naijua khabari yake. Mama yake mwenyewe alibaki Unguja sisi tulipoondoka, na kifo chake Mama alikipata kwa barua, miezi minane imeshapita. Nilikuwepo alipoisoma. Nilikuwa msichana mkubwa, nilimshika mabega. Halafu nikaja kumfanyia hayo mtoto wa mtu. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona maishani mwangu, na hata kuomba radhi nilishindwa mara ya kwanza, nikasema kitu kuhusu uji kwamba utapoa.

Lakini nilirudi. Nilimwomba Mboni radhi jikoni, nimesimama, yeye anaosha sufuria. Hakusema amenisamehe. Alisema, “Nimesikia, mama.” Nikamtolea paspoti yake nikampa mkononi. Nikamkatia tiketi ya kwenda na kurudi, siku tatu mbele.

Kisha nikenda kwa Mama nikamweleza. Nikampa mkono. Nikamuuliza kama kuna jengine, akaulegeza. Hakuna. Moyo ukanipanda, nikamuuliza, “Basi Mboni akienda, utakula mkononi mwangu?”

Mkono ukabaki umelegea.

Muslim aliposikia alinambia nimerukwa na akili. Mama anakula kwa Mboni kuliko kwa mtu yeyote, sasa wamwondoa Mboni, na mkononi mwako hali, wataka afe? Nilimwambia kama Mama hataki kula kwangu, weye gari unayo. Na sikumwambia kwamba nilikuwa naogopa kuliko yeye. Usiku ule nililifungua kabati mara mbili kwa mazoea, paspoti haimo.

Mboni akaondoka Jumapili. Alimuaga Mama peke yao, mlango umefungwa. Uwanja wa ndege nilimpeleka mwenyewe, na njia nzima tulizungumza khabari za foleni.

Jumatatu Mama hakufungua mdomo kwangu. Muslim alikuja kutoka Al Amerat asubuhi na jioni, kaomba ruhusa kazini, na mkononi mwake nako Mama alikula vijiko vinne vitano tu. Jumanne hivyo hivyo. Nilikaa nikifikiri, na nikafahamu. Mama hakuniamini. Nilishamwambia Mboni atakwenda baada ya harusi na hakwenda; sasa nasema kenda, na yeye kitandani, atajuaje? Labda nimemhamishia nyumba ya mtu mwengine. Mtu aliyeweza lile aliweza na hilo. Sikumlaumu, na kumlaumu mtu kwangu mie ni jambo jepesi.

Alkhamisi saa tano asubuhi simu yangu ikalia, nambari ndefu. Mboni. Alikuwa amefika kwao, safari ya basi ilimchosha, alishapanda mpaka kaburini. Bado ni udongo tu, akasema, hawajajengea. Nikampa pole, safari hii nikaimaliza pole yenyewe. Kisha nikamuuliza atarudi lini.



“Mama, mimi sirudi. Baba amebaki peke yake.”

Nilikuwa na maneno. Tiketi ya kurudi nimeikata, mgonjwa yupo ndani, ungenambia toka ukiwa hapa nikatafuta mtu. Yote yalifika ulimini yakajipanga. Nikamwambia, “Kaa na baba yako. Vitu vyako nitakuletea kwa mtu.” Nikaingia chumbani nikaiweka simu sikioni mwa Mama.

Sijui Mboni alimwambia nini. Alizungumza muda mrefu, nilisikia sauti yake inapanda na kushuka, na jogoo mmoja nyuma yake. Mama alikuwa akitoa ile sauti yake isiyokuwa na neno, machozi yanamshuka upande mmoja, na mkono wa kushoto unabana shuka, unaacha, unabana. Simu ikakatika yenyewe. Nikamfuta uso.

Uji ulikuwa mezani toka saa tatu, umeshapoa, unamsubiri Muslim. Sikumpa Mama mkono wangu, wala sikumuuliza kitu. Nilichota kijiko nikampelekea, na nusu yake ikamwagika kidevuni. Mama akafungua mdomo.

Muslim alifika nusu saa baadaye anahema, katoka kukwama njiani, akanyoosha mkono akitaka nimpe bakuli. Nikamwambia akae kitako atulie, sijamaliza kumlisha mama yangu.